Uvira: Darubini ya kuangalia viboko isinunuliwe kwa ukubwa wa namba

UVIRA, KIVU YA KUSINI. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia mitaani mwaka 2024, nafasi iliyokuwa kati ya wakaaji na viboko ilipungua. Kiboko hushinda majini mchana, usiku hutoka kula majani, na akikuta shamba halipiti. Alfajiri mvuvi anasukuma mtumbwi wake bila kujua kama kundi liko mita 100 au mita 400 mbele yake. Kwa hiyo vijana wa mtaa wakichanga feza wanunue darubini ya jicho moja, ile inayosimama juu ya miguu mitatu, ili kuhesabu viboko kutoka nchi kavu na kuwaonya wavuvi, hawachezi. Shida iko kwenye namna ya kuinunua.

Mnunuzi mwenye feza kidogo huangalia karatoni na kuchukua ile yenye namba kubwa. Hapo ndipo michango ya watu inapotea. Kwenye darubini nyingi za bei ndogo imeandikwa 20-60x60. Namba mbili za kwanza zinaonyesha kwamba inakuza kuanzia mara 20 mpaka mara 60. Ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa upana kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa mara 20 ni milimita 3. Kwa mara 60 ni milimita 1 tu, na hapo picha inakuwa ya giza na inatetemeka. Kiboko anayeonyesha masikio, macho na pua peke yake, saa kumi na mbili asubuhi, hawezi kuonekana vizuri kwa milimita 1.

Na mara 60 ni ya kazi gani? Kundi lililo mita 300, kwa mara 20, linaonekana kama liko mita 15. Hiyo inatosha kuhesabu vichwa na kutofautisha mama na mtoto wake. Afadhali darubini inayokuza mara 20 mpaka 40 kwa kioo safi, kuliko inayojisifu kwa 60 na inaonyesha ukungu. Zile ndogo za mkononi zinazoandikwa namba za ajabu, mara 100 na kuendelea, ziachwe kwa muuzaji.

Uvira ina jambo lake pia. Mji uko magharibi ya ziwa, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka upande wa Burundi na kumpiga mwangaliaji usoni. Asubuhi ni lazima kuangalia kwa kufuata ukingo, kuelekea kaskazini ao kusini, na darubini isielekezwe kwenye jua hata kidogo: inaweza kuunguza jicho mara moja. Jua likipanda, joto linafanya picha icheze juu ya maji, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachoponya hilo. Jioni ni bora, maana jua liko mgongoni. Lakini linajificha mapema nyuma ya milima, na hapo tena kioo kipana kinamshinda mwenye kukuza sana. Anayeweza kuongeza kidogo apate kioo cha milimita 80 atafurahi jioni, ijapo mzigo utakuwa mzito.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni miguu mitatu. Ile midogo ya mezani inayotolewa pamoja na darubini haifai kwenye upepo wa ziwa. Kikundi chenye dola 200 kingefanya vizuri kutenga karibu nusu yake kwa miguu imara, hata iliyotumika, ya wapiga picha za harusi. Darubini ya kawaida juu ya miguu mizuri inaonyesha zaidi kuliko ya bei kubwa inayotetemeka. Aina kama Swarovski zinapita dola 2,000. Hizo si za mchango wa mtaa, na kuzikosa si aibu.

Umbo nalo lina maana. Darubini ambayo kioo cha jicho kimepinda kuelekea juu inafaa kikundi, kwa sababu mrefu anainama na mfupi anafikia bila kusogeza miguu kila mara. Iwe pia imefungwa maji yasiingie. Kwa unyevu wetu, ile isiyofungwa inaota kuvu ndani ya vioo, na kuisafisha kunaweza kupita bei yake.

Anayenunua, iwe hapa, Bujumbura ao Bukavu, aitoe nje ya duka. Aangalie waya wa umeme mbele ya mbingu: ukizungukwa na rangi ya zambarau nyingi, kioo ni dhaifu. Asome maandishi ya kibao cha mbali, katikati ya picha kisha pembeni. Muuzaji akikataa, duka zingine zipo.

Kama feza haifiki hata dola 100, wasinunue darubini. Wanunue jumeli nzuri ya 8x42. Inapitisha mwanga wa zaidi ya milimita 5, haihitaji miguu, na kwa kuonya mvuvi aliye karibu inatosha kabisa.

Kuna tahadhari moja ambayo haiandikwi kwenye karatoni. Katika eneo lenye watu wenye silaha, kijana aliyesimama ukingoni na darubini anaweza kuzaniwa anapeleleza. Chifu wa mtaa, wavuvi na wakubwa wa usalama wajulishwe mbele, kwa barua yenye majina na saa za kazi, na nakala itembee ndani ya mfuko wa darubini. Rangi za kijeshi ziepukwe wakati wa kuchagua. Wakubwa nao wasiifanye barua hiyo kuwa njia ya kudai feza: kazi hii inawalinda hata watoto wao wanaoteka maji asubuhi.