Programu Haiwezi Kuwa Mhasibu Wako

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kwa hiyo ndugu msomaji, nikikuambia usidanganywe kwamba programu ya hesabu kwenye simu imemfuta kazi mhasibu, jua sina wivu na programu. Uvumi huo tunaueneza sisi wenyewe tunaoziuza.

Programu hujumlisha ulichoandika. Basi. Haikuulizi swali ambalo hukulijua.

Chukua mwenye duka huku kwetu Cheptais, Mlima Elgon. Ananunua unga na sukari kwa bei ya jumla Bungoma au Kitale. Mauzo yake ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo, ile inayoitwa TOT, kuwa asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Programu itamwambia: lipa 3,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha, 36,000. Hesabu haina kosa.

Lakini TOT hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida! Tuseme faida yake ni asilimia 5, yaani 60,000. Zaidi ya nusu imekwenda.

Mhasibu angemwambia kwamba sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna ajitoe kwenye TOT, alipe kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa kwenye faida. Kama hana mapato mengine, asilimia 10 ya 60,000 ni 6,000, na nafuu ya kodi ya mtu binafsi ni 28,800 kwa mwaka. Atalipa sufuri. Jirani yake mwenye faida kubwa na mshahara pembeni, huenda TOT ikamfaa zaidi. Hapo ndipo panapohitaji kichwa cha mtu.

Tena kuna masharti. Tangu Januari 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi. Mhasibu angemkumbusha adai ankara kabla mzigo haujapakiwa, na atenganishe laini ya M-Pesa ya duka na ya nyumbani. Karo ya mtoto si gharama ya biashara.

Na wewe uliyeajiriwa usicheke. Kila Juni unakimbilia saiba ujaziwe ritani ya sufuri upesi upesi, ilhali una mshahara. Huo ni uongo ulioutia sahihi wewe, si mhudumu wa saiba. Ukichelewa kupita tarehe 30 Juni, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Mtasema mhasibu ni ghali. Nani kakuambia umwajiri? Mlipe siku moja kila baada ya miezi mitatu. Wenye maduka watano wa chama kimoja wanaweza kuchanga. Muulize kwanza kama amesajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu kilichoanzishwa 1978, maana matapeli hawakosi.

Programu itumieni, tena kila jioni, muandike kila shilingi. Kisha mpelekeeni mhasibu daftari hilo. Sisi tunaoandika programu tuache kuahidi tusichoweza. Wa kubisha na abishe, lakini aje na hesabu.