Haki Haiishii Mpakani

Msomaji wangu, wako watu wasemao ya kuwa dola ina wajibu wa kulinda haki ndani ya mipaka yake tu. Nje ya hapo, kila mtu na aililie serikali yake. Kauli hii ina sura ya busara, lakini ndani yake mna udhalimu.

Tazama yaliyotokea Basra, mji wa Iraki. Mwaka 2003 majeshi ya Uingereza yaliushika mji ule. Yalilinda njia, yakapekua nyumba na kukamata watu. Raia 6 walipoteza maisha yao katika shughuli za majeshi hayo. Mmoja wao, Baha Mousa, mfanyakazi wa hoteli, alifia kizuizini, na mwili wake ulikutwa na majeraha 93. Jamaa zao walipodai haki, serikali ya Uingereza iliungama wajibu wake kwa yule aliyefia kizuizini. Lakini kwa wale 5 ilishikilia ya kuwa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu haukuwafikia. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya mjini Strasbourg iliikataa hoja hiyo. Aliyeshika mamlaka juu ya watu wale, alishika na wajibu wa kulinda haki zao.

Je, bunduki ikiweza kuvuka bahari, kwa nini sheria ibaki bandarini? Wengine hujibu ya kuwa askari vitani hana nafasi ya kufungua kitabu cha sheria. Kweli, vita ni shida. Lakini mtu aliyefungwa mikono hapigani, na mwenye nguvu za kumtia mwenziwe pingu ana nguvu pia za kutompiga.

Wala tusifurahi kwa kuwa mshtakiwa ni mwingine. Askari wetu waliingia Somalia mwaka 2011, na polisi wetu walitua Haiti mwaka 2024. Tukiona uchungu Mkenya anapodhulumiwa na askari mgeni, kisha tukanyamaza askari wetu anaposhukiwa kumdhulumu Msomali au Mhaiti, tutakuwa watu wa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Wewe usomaye leo, yamkini kesho utavaa sare, au utaketi katika baraza litumalo askari ng'ambo. Siku hiyo usiulize mtu huyu ni raia wa nani. Uliza yu mikononi mwa nani. Akiwa mikononi mwako, haki yake ni deni lako.