Faili la Utafiti Linalala, Mgonjwa Anasubiri

Makamanda, leo tuongelee kitu kisicho na shangwe za jukwaani: faili la utafiti hospitalini. Najua kuna mtu atauliza, "Sasa hii nayo siasa?" Ndiyo, tena siasa ya uhai na kifo.

Chukua daktari kijana anayesomea ubingwa. Anataka kujua kwa nini kina mama wa wilaya fulani wanafika hospitali wakiwa wameshapoteza damu nyingi baada ya kujifungua. Andiko lake linapita kamati ya maadili ya chuo. Hapo sawa kabisa. Baada ya hapo safari ndiyo inaanza: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo afike kwa Mganga Mfawidhi. Kila ofisi na barua yake, kila barua na "bosi yuko semina, njoo Jumatatu". Muda wa masomo unayoyoma, nauli inakata. Mwisho anabadili mada, anachukua nyepesi ya pale pale alipo. Wale kina mama wanabaki bila jibu.

Na huyo ni mwanafunzi tu. Utafiti wa kitaifa una NIMR, mtafiti mgeni ana COSTECH, jaribio la dawa lina TMDA. Kila chombo kina kazi yake halali. Tatizo ni kumgeuza mtafiti kuwa tarishi wa serikali, anabeba karatasi zilezile kutoka meza hadi meza.

Tuelewane: hatusemi maadili yalegezwe. Mgonjwa lazima aelezwe, aridhie na alindwe. Lakini andiko kulala mezani bila kusomwa si umakini, ni uzembe.

Uwezo tunao. Bagamoyo na Korogwe zilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wataalamu si tatizo. Tatizo ni mfumo usio na tarehe ya mwisho, na woga. Desemba 2016 Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Dk. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, mara tu baada ya kutangaza matokeo ya utafiti kuhusu virusi vya Zika. Ofisa wa chini akiona hivyo anajifunza nini? Kwamba usalama wa kiti chake ni kutosaini.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, dirisha moja la mtandaoni: andiko linaingia mara moja, ofisi zote zinalisoma humohumo, na mtafiti anaona limekwama kwa nani. Pili, ukomo wa siku uwekwe kwenye kanuni. Ofisi ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Tatu, kila hospitali ya rufaa iwe na ofisi ya utafiti yenye watumishi na bajeti yake, siyo daktari mmoja anayepitia maandiko usiku baada ya zamu. Na matokeo yarudi kwenye hospitali yalikotoka, yasiishie kabatini.

Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji serikali inayoheshimu muda wa wananchi wake, na hiyo CCM imeshindwa kutupa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tunamuuliza mhuri. Makamanda, mbunge au diwani akija mtaani kwenu, mpeni swali hili.