Usimlipe Fundi wa Pili Kabla Hujajua wa Kwanza Alifanya Nini

Ijumaa moja asubuhi, siku yake ya mapumziko, dada mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Muscat alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ana duka la mtandaoni la kanga na vikoi, analoendesha na kaka yake aliyeko Dar es Salaam. Duka limepotea Google. Zamani ukitafuta kanga za jozi Dar es Salaam unaliona ukurasa wa kwanza, sasa unafika wa nne hulioni. Na amejitokeza fundi mpya, anataka shilingi 900,000 alirudishe juu. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nitume au nisitume?"

Nilimwambia asitume. Najua wengi wenu mna maduka ya namna hii nyumbani, mnayalisha kwa jasho la huku, kwa hiyo naeleza sababu zangu.

Mimi ni mhasibu, si fundi wa tovuti. Lakini hili ni suala la hesabu kabla halijawa la kompyuta. Fundi wa kwanza alilipwa shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi sita, jumla 1,500,000. Kwa dada huyu mwenye mshahara wa riali 100, kila mwezi zaidi ya theluthi ya mshahara ilikuwa inakwenda huko. Kabla ya fundi, duka lilikuwa linapata oda 20 kwa mwezi, na kila oda ilibakiza faida ya shilingi 8,000 hivi. Yaani 160,000. Sasa piga hesabu: ili kurudisha ada ya 250,000, fundi alipaswa kuleta oda 32 za ziada kila mwezi. Hata angelizidisha duka mara mbili, bado tungekula hasara. Hesabu hiyo ya dakika moja hakuna aliyeipiga, si dada, si kaka, na fundi hakuwa na sababu ya kuipiga.

Alifanya nini huyo fundi? Kazi ya kupandisha tovuti kwenye Google wanaiita SEO, na yenyewe si utapeli. Ukiifanya vizuri, unamsaidia mteja na Google waelewe unauza nini. Ila yeye alichukua njia ya mkato. Alinunua maelfu ya linki kutoka tovuti za kamari na nyingine zisizohusiana kabisa na nguo. Akatengeneza kurasa za kila mji, Mwanza, Arusha, Dodoma, maneno yaleyale, jina la mji tu limebadilishwa. Maelezo ya bidhaa yakawa "kanga bei nafuu kanga bei nafuu" mpaka mteja anachoka kusoma.

Mwezi wa pili duka lilipanda kweli, na kila mtu alifurahi. Mwezi wa tano likaporomoka, oda zikabaki 11.

Mambo haya yamewakuta hata wakubwa. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba linki nyingi zilikuwa zimepandikizwa kwenye tovuti zisizohusika ili kulipandisha duka la Marekani la JCPenney. Google ikalishusha. Kampuni ikasema haikujua, ikaachana na wakala wake, lakini adhabu ilidumu miezi mitatu hivi. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, mahsusi kwa kuwabana wanaotumia linki za ujanja. Kwa hiyo mchezo huu una zaidi ya miaka kumi tangu uanze kukamatwa, na bado unauzwa kwa watu wetu kama dawa mpya.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wengi hawatakuambia. Ule mpando wa mwezi wa pili haurudi. Google yenyewe imeeleza kwamba faida iliyotokana na linki za ujanja ikishaondolewa, huwezi kuipata tena. Kihasibu, yalikuwa mauzo hewa: yaliandikwa kwenye daftari lakini hela haikuwahi kuwa yako. Anayekuahidi kuyarudisha anakuuzia kitu kisichokuwepo. Nafasi kwenye matokeo ya kawaida ya Google hainunuliwi. Kinachonunuliwa ni matangazo, nayo huandikwa kwamba ni matangazo. Na Google huonya wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja.

Ya kufanya, kwa mpangilio huu

Kwanza, funguo. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Paswedi anazo nani? Kwa dada yetu, kila kitu kilikuwa kwenye barua pepe ya fundi. Tulitumia wiki tatu kumbembeleza arudishe. Usitume hata shilingi kabla hujalimiliki duka lako.

Pili, fungua Google Search Console. Ni bure. Ina sehemu inayoonyesha kama wafanyakazi wa Google wameipa tovuti adhabu. Kama ipo, ondoa kilicholalamikiwa, kisha omba wakague upya na useme ukweli wote. Kama haipo, usikimbilie kuzikana linki kwa ile zana ya Google. Mara nyingi Google huzipuuza yenyewe, na wanaonya kwamba zana hiyo ukiitumia vibaya utajiumiza.

Tatu, fagia. Kurasa za miji tulizifuta zote. Bidhaa 40 zinazouzika kweli, kaka yake aliziandikia upya kwa maneno yake: kitambaa gani, urefu, rangi inachuja au haichuji, bei, na mzigo unafika Mbeya kwa siku ngapi. Picha akapiga mwenyewe kwa simu, mchana, mlangoni. Gharama ilikuwa bando.

Nne, subiri. Google hushauri kutegemea miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuona matunda ya kazi nzuri. Kwa mtu anayehesabu siku za mkataba ni muda mrefu, najua. Lakini ile 900,000, kwa oda 11 za mwezi, ni faida ya zaidi ya miezi kumi. Kusubiri ni bei rahisi zaidi.

Sisemi usimlipe fundi kamwe. Wapo waaminifu, na tovuti ikiwa imevamiwa utamhitaji. Mlipe kwa kazi iliyoandikwa: kurasa hizi zifutwe, hizi zirekebishwe, linki hii umeipata wapi. Akikamilisha, umeona, ndipo unalipa. Akikuambia mbinu zake ni siri, mshukuru, muage.

La mwisho ni la kifamilia. Dada alikuwa ameshaanza kuamini kaka yake amekula hela. Tulipopitia risiti za simu, kila senti ilikuwa imefika kwa fundi. Kaka hakuiba, alidanganywa, na aliona aibu kusema duka limeshuka. Miezi miwili alinyamaza, na miezi miwili hiyo hela iliendelea kutumwa. Ndiyo maana sasa kila tarehe moja anamtumia dada yake namba tatu: wageni waliotoka Google, oda zilizolipiwa, na hela iliyotumika. Ujumbe mmoja tu.

Leo ni mwezi wa tano tangu tuanze kufagia. Oda zimefika 17. Bado hazijafika 20 za zamani, lakini kila moja imebakiza faida yake, na zile 900,000 ziko benki, kwa jina la mwenyewe.