Windows 10 imetuacha: tuhamie Linux ipi?

Mwezi uliopita nilipita Mai Mahiu kumjulia hali mpwa wangu. Aliondoka Mombasa mwaka 2020 kuifuata shehena ya SGR iliyokuwa ikipelekwa bandari kavu ya Naivasha. Shughuli za kutoa mizigo ziliporudishwa Mombasa mwaka 2022, yeye alibaki, akafungua saiba kando ya barabara ya malori. Ana kompyuta tatu kuukuu, na ndizo riziki yake.

Nilimkuta na wasiwasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10; waliojiandikisha tu ndio walioongezewa muda. Windows 11 nayo yataka TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, na mashine zake hazina. Wateja huingiza humo nywila za eCitizen na KRA. Hiyo ni amana.

“Mjomba, ninunue nyingine?” akaniuliza.

Nikamwambia ajaribu Linux kwanza, ni bure. Lakini ipi? Mmoja alimshauri Ubuntu kwa kuwa ina jina. Mwingine akamtisha kuwa Mint iliwahi kuvamiwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Linux, msemo huu hautoshi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Hata hivyo, mwaka 2012 ilianza kupeleka maneno anayotafuta mtumiaji ndani ya kompyuta yake hadi kwenye matangazo ya Amazon. Watu walilalamika, na mwaka 2016 jambo hilo likazimwa.

Mint nayo, Februari 2016, tovuti yake ilidukuliwa, na waliopakua toleo moja siku ile wakapewa lililotiwa programu hasidi. Wenyewe walitangaza upesi, wakafunga tovuti, wakaeleza namna ya kukagua faili.

Kwangu mimi, sifa ya mfumo haipimwi kwa kutokosea, bali kwa anavyofanya mwenyewe baada ya kosa. Zote mbili zimejirekebisha. Kilichobaki ni mahitaji yako. Kwa mtu aliyezoea Windows, Mint haimpotezi: menyu iko pale pale kona ya chini, RAM ya GB 4 yatosha, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029.

Ila usirukie. Hifadhi faili zako kwanza. Pakua kutoka tovuti rasmi na ukague faili. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, ujaribu printa, Wi-Fi na tovuti za serikali. Faili za Excel zenye makro zaweza kugoma.

Mpwa wangu ameanza na kompyuta moja. Printa ilimsumbua nusu siku, kisha ikachapisha. Mbili zilizobaki zitafuata, inshallah, na pesa za mashine mpya zitalipa kodi ya duka.