Moto wa swichi hauokotwi njiani

Kuna hukumu inayotolewa kila mara kwenye gereji zinazohudumia magari ya zamani, na hutolewa bila mshtakiwa kusikilizwa. Mwenye Land Rover ya Series, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle anachoka kupiga msasa pointi za distributa, ananunua ignisheni ya kielektroniki, inafungwa asubuhi, jioni gari linazima barabarani. Kifaa kinatolewa, pointi zinarudishwa, gari linawaka, na hukumu inasomwa: vitu vya elektroniki haviyawezi magari ya kale. Nionavyo mimi, mara nyingi hukumu hiyo inamwangukia asiye na hatia. Cha kupimwa kwanza ni ule waya mmoja unaokiletea kifaa umeme pale ufunguo unapofunguliwa, ambao gereji huuita moto wa swichi. Waya huo ni nusu ya kazi nzima, lakini tumezoea kuuchukulia kama nyongeza ya bure: fundi anatafuta waya wowote wenye moto karibu na koili, anaumenya, anaufunga na utepe, kazi imekwisha.

Ili kuona kwa nini njia hiyo ya mkato haifai, tuangalie kilichoondolewa na kilichowekwa mahali pake. Mfumo wa pointi uliasisiwa na Mmarekani Charles Kettering takriban mwaka 1910, na kwa zaidi ya nusu karne karibu dunia nzima iliuendesha. Umeme wa betri hupita kwenye koili hadi eathi kupitia vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana. Kamu ya distributa ikivitenganisha, umeme unakatika ghafla, na koili inaugeuza mkato huo kuwa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kila sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa. Si ajabu zinaungua na kulika, na kila zinapolika taimingi nayo inahama. Kifaa cha kielektroniki hufanya kazi ile ile ya kukata umeme, ila kwa transista inayoamrishwa na kihisio, bila vyuma kugusana. Hapo hakuna cha kupiga msasa.

Hata hivyo pointi zilikuwa na fadhila moja isiyosemwa: zenyewe hazikuhitaji kulishwa. Ni swichi tu. Kazi yao kugusa na kuachana, ziletewe volti 12 au 8. Umeme ukipungua, cheche inadhoofika, lakini gari linaendelea kujikokota. Asubuhi linakuwa zito kuwaka, likipanda mlima linamisi, na mwenye gari anapata muda wa kulipeleka kwa fundi. Dalili ya mvua ni mawingu, na pointi hazikuwa na uchoyo wa mawingu. Kifaa cha kielektroniki kinahitaji umeme wake chenyewe ili kihisio na transista vifanye kazi, na umeme huo ukishuka chini ya kiwango chake hakijikokoti, kinanyamaza. Kwa hiyo waya uliokuwa umechoka tangu zamani, lakini pointi zikaustahimili, siku ya kufunga kifaa kipya ndiyo siku unapoumbuka.

Na waya kuchoka si jambo la kudhani. Hesabu yake inaweza kuandikwa kwenye pakiti ya sigara. Chukua koili ya kawaida ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 3. Betri ikitoa volti 12 kamili, koili itavuta ampea 4. Sasa tuseme meno ya swichi ya ufunguo yamelika, na viungio kadhaa njiani vimeshika kutu, vyote pamoja vikiongeza nusu omu tu. Ampea zinashuka hadi takriban 3.4. Pengo hilo linaonekana dogo, lakini nishati inayohifadhiwa na koili hufuata kipeo cha pili cha ampea, hivyo zaidi ya robo ya nguvu ya cheche imeshapotea. Piga stata: betri inashuka hadi volti 9 au 10, kwa kuwa stata ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote ndani ya gari. Ikishuka hadi volti 9.6, koili ile ile nyuma ya ile nusu omu itabaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na hapo ndipo injini baridi inapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na Land Rover Series III mwaka 1971. Nyaya za magari hayo zimekula joto la injini, vumbi na maji ya mvua kwa nusu karne. Nusu omu kwao si hesabu ya kutia chumvi.

Kosa la waya uliochoka huandamana na kosa la pili: kuokota moto mahali pasipofaa. Sehemu zinazovutia ni tatu, na kila moja ina ugonjwa wake unaojitambulisha. Ya kwanza ni upande chanya wa koili kwenye magari yenye resista. Baadhi ya Ford za Uingereza za miaka ya 1970 zina waya maalumu wa ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Datsun nyingi za wakati huo zina resista nyeupe ya kauri inayoonekana kwa macho. Hapo koili hupata umeme uliopunguzwa injini ikizunguka, na hupewa umeme kamili kwa njia ya pembeni wakati wa kupiga stata tu. Ukikilisha kifaa kutoka hapo, gari linaweza kushika vizuri kisha likazima mara unapoachia ufunguo. Sehemu ya pili ni waya wa redio. Kwenye magari mengi waya huo hukatwa moto wakati stata inapigwa, ili betri isiwe na mzigo mwingine. Dalili yake ni kinyume cha ile ya kwanza: injini inazunguka weee bila kushika, halafu inashika pale tu kidole kinapoachia ufunguo. Sehemu ya tatu ni waya wenye moto saa zote. Gari litawaka, ndiyo, lakini kifaa kitabaki kimelishwa usiku kucha. Betri itaamka tupu, na vifaa vya aina nyingine huiacha koili ikipitisha umeme hadi iungue.

Hivyo moto wa swichi unaofaa una masharti manne: uwepo ufunguo ukifunguliwa, uendelee kuwepo stata inapopigwa, utoweke ufunguo ukifungwa, na ufike ukiwa kamili. Waliobuni magari hayo waliacha alama za kutuongoza. Katika nyaya za kampuni ya Lucas zilizotumika kwenye magari ya Uingereza, waya mweupe ni moto wa swichi usiopita kwenye fyuzi, wa kijani ni ule unaopita kwenye fyuzi, wa kahawia ni moto wa betri wa saa zote, na mweusi ni eathi. Kwenye magari ya Ujerumani usiangalie rangi, soma namba: 15 ni moto wa swichi, 30 ni wa betri, 31 ni eathi. Ila alama hizo ni za siku gari lilipotoka kiwandani. Baada ya mikono ya mafundi kumi, rangi ni fununu tu. Ushahidi ni mita. Na kabla ya mita kuna swali moja la kuuliza: eathi ya gari ni hasi au chanya? Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa eathi chanya, na kifaa kisichotengenezwa kwa mpangilio huo kinaweza kuungua mara ya kwanza ufunguo unapofunguliwa.

Mita ikionyesha kuwa umeme unapotea njiani, dawa ni rilei. Ni kidude cha bei ndogo chenye miguu minne, na kazi yake ni kumpunguzia mzee mzigo. Mguu wa 30 unapokea waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi. Wa 87 unapeleka umeme huo kwenye ignisheni. Wa 86 unapokea ule moto wa zamani wa swichi. Wa 85 unakwenda eathi. Swichi iliyochoka haibebi tena ampea nne, inatoa amri tu kwa umeme mdogo sana, na ukinzani wake hauna tena wa kumdhuru. Ila nayo inataka umakini. Rilei ya miguu mitano ina mguu wa 87a katikati, unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala. Ukiufunga huo kimakosa, ignisheni itapata moto ufunguo ukiwa mfukoni. Tena, kwenye gari lenye alternata, umeme mdogo unaopita kwenye taa nyekundu ya chaji unaweza kurudi nyuma na kuishikilia rilei, injini ikagoma kuzimika. Diodi moja kwenye njia ya taa hiyo humaliza ubishi.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, wakati pointi hutengenezwa kando ya barabara kwa bisibisi na kipande cha msasa, ilhali kifaa kikifa porini umekwama? Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa anayesafiri mbali na miji. Lakini haipingi waya mzuri, inautetea. Pointi nazo hufaidika na koili inayopata volti zake zote, na gari ambalo waya wake umerekebishwa linaweza kurudishiwa pointi kwa muda mfupi kifaa kikifa. Mwenye busara huweka seti ya pointi na kondensa kwenye kisanduku cha vifaa. Asiye na busara ni yule anayerudi kwenye pointi akidhani amepona, huku ile nusu omu ikiendelea kumla kimyakimya.

Wengine watasema kila kiungio kipya ni mahali papya pa kuharibika: mlikuwa na swichi, sasa mna swichi, rilei na fyuzi. Kweli, na ndiyo sababu sisemi kila gari lifungwe rilei. Ikiwa mita inaonyesha umeme unafika salama, waya wa zamani uachwe ufanye kazi yake. Ama kuhusu fyuzi, wapinzani wana hoja nzuri kuliko wanavyojua: Lucas waliuacha waya mweupe bila fyuzi ili kosa dogo la taa au honi lisizime injini barabarani. Lakini ule waya mnene tunaouongeza kutoka betri ni kitu kingine. Una moto saa zote, unapita karibu na vyuma vya injini, na ukichubuka bila fyuzi unaweza kuwasha gari zima. Huo lazima uwe na fyuzi, iwe ya kwake peke yake, isigawiwe redio wala taa za ziada. Wapenzi wa uasilia nao wasihofu. Rilei hufungwa mahali pasipoonekana, haikati waya wowote wa kiwandani, na siku ya maonyesho hutoka kwa dakika chache.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la fedha. Mteja yuko tayari kulipia kifaa kwa sababu anakiona, kiko kwenye boksi lenye nembo. Kupima nyaya hakuna boksi. Fundi akimwambia kwamba ametumia saa nzima akifuatilia volti kutoka betri hadi koili, mteja anaona ametozwa kwa kuzunguka gari. Basi fundi naye, ambaye lazima ale, anaruka kipimo na kuokota moto ulio karibu. Lawama za kifaa zinaanzia kwenye mapatano hayo mabaya, ambayo pande zote mbili zimeyakubali bila kuyatamka. Saa moja ya mita ni nafuu kuliko kifaa cha pili, na nafuu zaidi kuliko gari la kuvutwa usiku.

Suluhisho haliko mbali. Mwenye gari asilipe mpaka aonyeshwe vipimo vitatu, naye akiwa amesimama pale. Ufunguo ukifungwa, waya unaolisha kifaa usome sifuri. Stata ikipigwa, waya huo uwe na moto, usiokatika hata kidogo. Injini ikizunguka, waya mmoja wa mita uguse chanya ya betri na wa pili uguse mahali kifaa kinapolishwa. Namba itakayotokea ndiyo volti zinazopotelea njiani, na ikizidi nusu volti, kazi haijaisha. Vipimo hivyo havichukui dakika kumi. Gari likivipita kisha likazima, hapo ndipo kifaa kiitwe kizimbani.