Nyumba ya mkulima nayo ipate mkaguzi aliyefuzu

Mkulima wa kahawa wa Kirushya, wilayani Ngara, anapopeleka mazao yake kwenye chama cha msingi, kahawa hupimwa uzito na kuangaliwa ukavu na ubora kabla ya kupokelewa. Ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya bucha, nyama yake hutakiwa kukaguliwa na kugongwa muhuri. Lakini mkulima huyo anapotumia fedha za msimu kujenga au kununua nyumba, ambayo kwa familia nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya shamba, hakuna mtu aliyesomea kazi ya ukaguzi anayeiangalia.

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo nyumba nyingi hujengwa na mafundi waliojifunza kazi kwa kufuatana na fundi mwingine. Miongoni mwao wapo hodari, na wapo wale ambao wananchi huwaita fundi maiko. Mwenye nyumba hana namna ya kuwatofautisha mpaka mvua za vuli zianze na ufa ujitokeze kwenye kona ya dirisha. Wakati huo lipu imeshapigwa, bati limeshapigiliwa na fedha zimekwisha.

Hasara hiyo si ya kudhaniwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba, hasa Bukoba na wilaya za jirani. Kuta za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila nondo wala mkanda wa zege wa kuzifunga, ndizo zilizo dhaifu zaidi mbele ya mtikisiko wa namna hiyo. Kuta za aina hiyo bado zinajengwa Ngara na Biharamulo.

Mijini nako ukaguzi umezoea kuja baada ya msiba. Jengo la ghorofa lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam Machi 29, 2013 liliua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya 20, ndipo Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Wapo watakaosema kuwa nchi ina wataalamu wa kutosha. Ni kweli kwamba wahandisi, wabunifu wa majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wana bodi zao za usajili, na wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016. Hata hivyo, kila mmoja ana kazi yake. Mthamini husema nyumba ina thamani gani; hakuajiriwa kueleza kama msingi unadidimia. Mhandisi wa halmashauri ana madarasa na zahanati za kusimamia, na hawezi kutarajiwa kufika kwa kila mwananchi anayechimba msingi kijijini. Kibali cha ujenzi nacho, kwa sehemu kubwa, kimebaki kuwa jambo la mjini.

Mfano wa kuigwa upo ndani ya nyumba hizo hizo. Kabla TANESCO haijaunganisha umeme, kazi ya kutandaza nyaya hutakiwa kufanywa na kuthibitishwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Kwa maneno mengine, waya una mtu wa kuulizwa, lakini ukuta unaoubeba hauna.

Mkaguzi wa nyumba za kawaida halazimiki kuwa na shahada. Anayefaa zaidi ni fundi mwashi au seremala mwenye miaka mingi kazini. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na tangu Oktoba 2022 mkoa una chuo kikubwa cha VETA kilichozinduliwa Burugo, Bukoba. Fundi aliyetambuliwa hivyo anaweza kuongezewa kozi fupi ya ukaguzi: aina za udongo na kina cha msingi, tofauti kati ya ufa wa lipu na ufa wa ukuta, unyevu, mchwa, kenchi na mifereji ya maji kwenye miteremko. Juu ya yote afundishwe kuandika ripoti ambayo mnunuzi au ofisa mikopo ataisoma na kuielewa. Mtihani wake ufanyike kwenye nyumba halisi yenye kasoro zinazojulikana na watahini.

Mafunzo peke yake hayatoshi, na Uingereza iliona hilo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 ilikusudia kila nyumba inayouzwa iwe na ripoti ya hali yake, na watu wengi wakalipa ada kubwa kusomea stashahada ya ukaguzi. Julai 2006 serikali ikatangaza kuwa ripoti hiyo haitakuwa ya lazima, na Mei 2010 mpango mzima wa nyaraka za mauzo ya nyumba ukasimamishwa. Waliosoma walibaki na vyeti bila wateja.

Kwa hiyo kazi itengenezwe sambamba na mafunzo. Benki na SACCOS zinazopokea nyumba kuwa dhamana zina sababu ya kudai ripoti ya ukaguzi. Halmashauri zinazojenga madarasa kwa kutumia mafundi wa jamii badala ya makandarasi zinaweza kuwapa wakaguzi hao kazi ya kuangalia msingi, mkanda wa zege na paa, kila hatua kabla ya malipo. Mkulima binafsi atafuata akiona faida. Kasoro ya msingi ikigundulika kabla ukuta haujapanda, inaweza kurekebishwa kwa mifuko michache ya saruji. Ikigundulika baada ya kupaua, mara nyingi dawa yake ni kubomoa.

Lipo pia suala la uaminifu. Nchini Marekani chama cha wakaguzi wa nyumba kilichoanzishwa mwaka 1976 kinamkataza mwanachama kulipwa kwa kutengeneza kasoro za nyumba aliyoikagua, kwa muda wa mwaka mmoja. Sharti hilo lina uzito zaidi vijijini, ambako anayekagua na anayejenga wanaweza kuwa mtu mmoja au ndugu. Mkaguzi asajiliwe halmashauri, jina lake libandikwe kwenye ofisi ya kata, na anayeficha kasoro afutwe kwenye orodha hiyo.

Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kuanza na mafundi wachache kwa kila tarafa. Wakati mzuri ni kabla ya kiangazi, msimu wa kuchoma matofali na kuchimba misingi, ambapo fedha za kahawa nazo huwa zinaanza kuingia mikononi mwa wakulima.